Uzi: Embakasi ilipokuwa moja, na kwa nini ilizaa maeneobunge matano

Mwanzisha uzi

Kila tunapokaribia uchaguzi hapa Kenya huzuka swali ambalo hujibiwa kwa haraka kuliko linavyostahili: kwa nini Nairobi ina Embakasi tano? Kuna ya Kusini, Kaskazini, Kati, Mashariki na Magharibi, kila moja na mbunge wake. Jibu ninalolisikia mara nyingi ni kwamba mwaka 2012 wakazi wa mji mkuu walipendelewa, wakapewa viti ambavyo vingekwenda kwingine. Mimi nimekulia upande huo wa mashariki ya jiji, nilipiga kura yangu ya kwanza katika Embakasi ile ya zamani, na kwa muda mrefu nimekuwa nikipitia takwimu za sensa kuihusu. Nimefungua uzi huu kueleza kwamba tano haikuwa zawadi. Ilikuwa idadi ndogo kabisa ambayo Katiba ingeweza kuikubali, nayo ilipatikana baada ya miaka mingi ambayo mkazi wa Embakasi alihesabiwa bungeni kama kipande cha mtu.

Nitaanza na ardhi, kwa sababu asiyeijua ardhi ile hataelewa kilichofuata.

Mwaka 1963 mipaka ya Nairobi ilipanuliwa hadi kilomita za mraba karibu 690. Sehemu kubwa ya eneo lililoongezwa upande wa mashariki ilikuwa tambarare, yenye udongo mweusi unaonasa miguu wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Makao yalikuwa machache. Kilichojulikana zaidi huko kilikuwa uwanja wa ndege, uliofunguliwa Machi 1958 kwa jina la Embakasi, ambao katika ujenzi wake serikali ya kikoloni ilitumia nguvu za watu waliokuwa vizuizini kwa ajili ya vita vya Mau Mau. Leo unaitwa Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta. Nalitaja jambo hili kwa sababu wengi hupita pale kila siku bila kujua ni mikono ya nani iliyoulaza ule uwanja.

Mabadiliko yalianza katikati ya miaka ya 1970, serikali na Halmashauri ya Jiji zilipoamua kupeleka makazi ya watu wa kipato cha chini na cha kati upande huo. Umoja ilijengwa kwa mkopo uliodhaminiwa na Marekani. Dandora ilianzishwa kuanzia mwaka 1975 kwa fedha za Benki ya Dunia, na mpango wake ulikuwa na ploti zipatazo 6,000. Mpango wenyewe unafaa kuelezwa. Aliyepewa ploti hakupewa nyumba iliyokamilika. Alipewa kiwanja kilichopimwa, chenye choo, bafu, maji ya bomba na bomba la maji taka, kisha akatakiwa kujijengea vyumba kadiri alivyojaliwa. Wengi walijenga vyumba vya ziada ili vya kupangisha viwasaidie kulipa deni. Kwa hiyo ploti iliyoandikwa jina la familia moja ikawa makao ya familia tatu, nne au zaidi. Mwanzoni hilo lilikuwa suala la kodi ya nyumba. Baadaye likawa suala la uwakilishi, maana kila chumba kilichoongezwa kiliongeza wapiga kura katika eneobunge ambalo mipaka yake haikusogea.

Kayole ilifuata katika miaka ya 1980 kwa mtindo unaofanana na huo. Komarock ikajengwa kwa ajili ya wanunuzi wenye mishahara. Ng'ambo ya pili, karibu na viwanda, Mukuru kwa Njenga ilijaa vibanda vya mabati vya watu waliotembea kwa miguu kwenda kazini Industrial Area. Mwishoni kabisa yakaja maghorofa ya vyumba kimoja kimoja ya Pipeline na Tassia, yaliyojengwa na watu binafsi, marefu na yaliyobanana hadi jua halifiki chini.

Tazama sasa sensa za Nairobi nzima: 509,286 mwaka 1969, 827,775 mwaka 1979, 1,324,570 mwaka 1989, 2,143,254 mwaka 1999, 3,138,369 mwaka 2009. Katika mwaka 1999 Embakasi ilikuwa na watu 434,884, na tayari ilikuwa ndiyo kubwa kuliko tarafa zote nane za jiji. Miaka kumi baadaye ilikuwa na watu 925,775. Makadara, jirani yake wa karibu, ilitoka 197,434 na kufika 218,641 tu katika kipindi hicho hicho. Ukitaka kujua mji ulikuwa unakua wapi, takwimu hizi mbili zinatosha.

Nitaendelea na wabunge.

Mwanzisha uzi

Wabunge wa Embakasi nitawafuata kuanzia 1988, kwa sababu kuanzia hapo ndipo safari ya eneobunge hili inapofanana na safari ya siasa za nchi nzima.

Uchaguzi wa 1988 ulitanguliwa na mchujo wa mlolongo wa KANU, chama pekee kilichoruhusiwa wakati huo, ambapo wanachama walipanga foleni nyuma ya wagombea au mawakala wao, na aliyepata zaidi ya asilimia 70 alihesabiwa kuwa amepita bila kupingwa. David Mwenje aliingia bungeni mwaka huo. Upinzani uliporuhusiwa na uchaguzi ukafanyika tarehe 29 Desemba 1992, Nairobi iliikataa KANU karibu yote: kati ya viti vinane, Ford-Asili ya Kenneth Matiba ilichukua sita, Ford-Kenya kimoja na KANU kimoja. Embakasi ilikwenda kwa Henry Ruhiu wa Ford-Asili. Mwaka 1997 Mwenje alirudi, safari hii kwa tiketi ya DP, na mwaka 2002 akashinda tena kwa tiketi ya NARC. Mtu mmoja, kiti kimoja, vyama vitatu. Silisemi hili kwa kumlaumu. Ndivyo siasa za Nairobi zilivyokwenda, na mpiga kura wa Embakasi aliupima upepo wa nchi kabla ya kulitazama jina la chama.

Jambo lisilotajwa ni lile lililofanyika kati ya uchaguzi wa 1992 na wa 1997. Idadi ya maeneobunge nchini iliongezwa kutoka 188 hadi 210. Viti 22 vipya viligawanywa, na Nairobi haikupata hata kimoja. Ilibaki na vinane, ilhali kila mtu aliyepanda matatu ya kwenda Kayole alijua kwamba jiji limefurika. Katiba ya wakati ule, katika kifungu cha 42, ilitaka maeneobunge yawe na idadi ya watu inayokaribiana kadiri inavyowezekana, na ikairuhusu tume ya uchaguzi kutofautiana na kanuni hiyo kwa kuzingatia msongamano wa watu, mawasiliano, jiografia na mengineyo. Uhitaji wa kuyapa maeneo ya mijini uwakilishi wa kutosha ulitajwa waziwazi katika kifungu hicho hicho. Sheria ilikuwepo. Aliyeamua kutoisoma upande wa miji hakuwa na kisingizio cha maneno ya sheria.

Mchangiaji kutoka Dandora

Ndugu mwanzisha uzi, asante kwa kulileta suala hili kwa utulivu. Mimi ni mkazi wa Dandora, na wazazi wangu walikuwa miongoni mwa waliopata ploti unazozitaja. Naomba usipite haraka mwaka 2007 na 2008, kwa sababu kwetu miezi ile ina kumbukumbu nzito. Mugabe Were hakuwa mtu wa kuletwa. Alikuwa diwani wetu kabla ya kuwa mbunge, na watu walimjua kwa miguu yake, si kwa mabango.

Jambo jingine ningependa uligusie ni mradi wa taka. Jaa la Dandora limekuwa likipokea taka za jiji zima tangu nikiwa mdogo, na lilitangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, lakini malori hayakuacha kuja. Tulipokuwa tukilalamika, tulikuwa na mbunge mmoja ambaye pia alikuwa na uwanja wa ndege, maghorofa ya Pipeline, vibanda vya Mukuru na mashamba ya Ruai mikononi mwake. Malalamiko yetu yalipanga foleni nyuma ya mengine.

Mwanzisha uzi

Umesema kweli, na nashukuru kwa kunirudisha nyuma.

Melitus Mugabe Were alichaguliwa mbunge wa Embakasi katika uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007 kwa tiketi ya ODM, chama cha Raila Odinga, akiwa ametumikia kama diwani wa Dandora. Bunge la Kumi lilikutana kwa mara ya kwanza tarehe 15 Januari 2008, siku ambayo Kenneth Marende alichaguliwa Spika, huku nchi ikiwa inawaka moto wa ghasia zilizofuata kutangazwa kwa matokeo ya urais. Alfajiri ya Jumanne tarehe 29 Januari, Were alipigwa risasi na kuuawa langoni kwa nyumba yake mtaani Woodley. Alikuwa ameshika ubunge kwa wiki mbili tu tangu kuapishwa. Siku hiyo hiyo mazungumzo ya upatanishi yaliyoongozwa na Kofi Annan yalifunguliwa rasmi jijini. Siku mbili baadaye, mbunge mwingine wa ODM, David Kimutai Too wa Ainamoi, naye aliuawa kwa risasi huko Eldoret.

Uchaguzi mdogo ulifanyika tarehe 11 Juni 2008, pamoja na wa Ainamoi, Emuhaya, Kilgoris na Wajir Kaskazini. Wakati huo pande mbili zilizokuwa zimepigana zilikuwa zimekaa katika serikali moja ya mseto, lakini kwenye masanduku ya kura zilikuwa bado zinapimana nguvu. Embakasi ilichukuliwa na Ferdinand Waititu wa PNU, chama cha Rais Mwai Kibaki. Kwa hiyo katika miezi sita kiti cha watu wengi kuliko chote nchini kilihama kutoka upande mmoja wa serikali hadi mwingine, na wakazi waliofiwa na mbunge wao hawakupata hata nafasi ya kuona angefanya nini. Kwangu mimi hiyo ndiyo sura ya huzuni kuliko zote katika historia ya eneobunge hili. Waititu ndiye aliyekuwa mbunge wa mwisho wa Embakasi isiyogawanywa. Mwaka 2013 alikigombea kiti cha ugavana wa Nairobi, akashindwa na Evans Kidero.

Kuhusu jaa la taka, hoja yako inanipeleka moja kwa moja kwenye fedha, nami nitaijibu kwa hesabu.

Hazina ya Ustawi wa Maeneobunge ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2003. Sheria hiyo ilitenga angalau asilimia 2.5 ya mapato ya kawaida ya serikali, na ikaamuru kwamba robo tatu ya fedha zigawanywe kwa usawa kati ya maeneobunge yote 210, kisha robo iliyobaki igawanywe kwa kuangalia kiwango cha umaskini. Neno "usawa" linasikika vizuri hadi utakapouliza ni usawa kati ya nini na nini. Sensa ya 2009 iliikuta Lamu Mashariki, eneobunge la visiwani huko pwani, ikiwa na watu 18,841 na Embakasi ikiwa na watu 925,775. Ile robo tatu iliwafikia wote wawili ikiwa kiasi kile kile. Gawanya kwa vichwa, utaona kwamba kwa kila shilingi moja iliyomfikia mkazi wa Embakasi, mkazi wa Lamu Mashariki alifikiwa na shilingi 49. Darasa moja la shule ya msingi lililojengwa Faza, huko Lamu Mashariki, lilihudumia sehemu kubwa ya watoto wa kijiji. Darasa kama hilo likijengwa Kayole lilijaa kabla rangi haijakauka.

Mchangiaji kutoka Lamu

Salaam kwenu nyote. Nimesoma kwa makini, na naomba nijibu kwa heshima, kwa kuwa jina la kwetu limetajwa.

Hesabu ya ndugu yetu siipingi. Ninachokipinga ni dhana kwamba hesabu inatosha. Lamu Mashariki ni visiwa na pwani ndefu: Faza, Kizingitini, Siyu na Pate kisiwani Pate, Ndau, Kiwayu, kisha Kiunga karibu na mpaka wa Somalia, na ndani ya misitu wako ndugu zetu Waboni. Mbunge akitaka kuwaona wapiga kura wake, hapandi matatu. Anatafuta mashua, anaangalia maji kujaa na kupwa, analipia mafuta, na upepo ukikataa, hasafiri. Mgonjwa akizidiwa usiku Kizingitini, umbali wake na hospitali haupimwi kwa kilomita. Mkituunganisha na Lamu Magharibi kwa sababu tuko wachache, mbunge atakuwa wa upande wenye wapiga kura wengi daima, na watu wa visiwani watakuwa wanasikilizwa kwa hisani.

Kwa hiyo mnapoitaja kama mfano wa dhuluma, kumbukeni kwamba Embakasi ililala kilomita chache tu kutoka Bunge lenyewe. Sauti yenu ilikuwa na njia nyingine za kufika. Yetu ina mbunge tu.

Mwanzisha uzi

Nimelipokea neno lako, na sitalijibu kwa pupa, kwa sababu una hoja ambayo Katiba yenyewe imeikubali.

Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 89, iliweka idadi ya maeneobunge kuwa 290. Ikasema idadi ya watu katika kila moja ikaribie wastani wa kitaifa, na tofauti isizidi asilimia 30, isipokuwa kwa majiji na maeneo yenye watu waliotawanyika, ambako tofauti inaruhusiwa kufika asilimia 40. Tazama jinsi kifungu hicho kilivyowaweka mizani moja mtu wa jiji na mtu wa visiwani: wa kwanza anaruhusiwa kuwa katika eneobunge lenye watu wengi kupita kiasi, wa pili katika lenye watu wachache kupita kiasi. Tena kwa ukaguzi wa kwanza wa mipaka Katiba iliitaka tume ya mipaka ijitahidi kutopoteza eneobunge lolote lililokuwepo. Ndiyo maana maeneobunge 27 ambayo hayakufikia kiwango yalihifadhiwa, Lamu Mashariki likiwemo. Sikusema, wala sitasema, kwamba lifutwe. Ninachokataa ni kwamba gharama ya kulihifadhi ilipwe na Embakasi, kisha Embakasi iambiwe imependelewa.

Sasa nifanye ile hesabu niliyoiahidi mwanzoni, na ninawaomba muifanye wenyewe kwa kalamu.

Watu wa Kenya katika sensa ya 2009 walikuwa 38,610,097. Ukigawanya kwa 290 unapata 133,138. Hicho ndicho kiwango cha wastani. Ongeza asilimia 40 inayoruhusiwa mijini, unapata 186,393. Huo ndio ukomo wa juu. Chukua Embakasi, 925,775. Ukiigawa sehemu nne, kila sehemu itakuwa na watu 231,444, na utakuwa umevunja Katiba. Ukiigawa sehemu tano, kila sehemu itakuwa na 185,155, na utakuwa umepita chini ya ukomo kwa watu wapatao 1,200 tu. Kwa wastani halisi wa kitaifa, Embakasi ilikuwa na watu wa kutosha maeneobunge saba kasoro kidogo. Ilipewa matano.

Fanya hivyo kwa jiji zima. Watu 3,138,369 kwa kiwango cha 133,138 wanastahili maeneobunge 23 na nusu. Nairobi ilipewa 17. Kwa 17, wastani ni 184,610, chini kidogo ya ukomo. Kwa 16, wastani ungekuwa 196,148, juu ya ukomo. Hakuna namna ambayo tume ingeipa Nairobi viti 16 na kubaki ndani ya sheria. Walioketi kufanya kazi hiyo walifika kwenye sakafu, wakasimama hapo.

Inafaa niongeze kwamba vipande vile vitano havikukatwa kutoka Embakasi ya zamani pekee kama mkate. Njiru na Ruai ziliondolewa zikapelekwa Kasarani, na Kariobangi Kaskazini, iliyokuwa ya Kasarani, ikaunganishwa na Dandora katika Embakasi Kaskazini. Lakini hoja haibadiliki, kwa maana Kasarani nayo ilikuwa na watu 525,624 na ikagawanywa mara tatu, ikazaa Roysambu na Ruaraka. Langata ilimzaa Kibra, Starehe ikamzaa Mathare, Dagoretti ikawa mbili. Makadara, Kamukunji na Westlands hazikugawanywa.

Mchangiaji mwingine

Naomba ufafanuzi. Nani hasa aliyechora mipaka hii? Wengine husema ni tume ya Ligale, wengine IEBC.

Mwanzisha uzi

Wote wawili, kwa zamu. Baada ya uchaguzi wa 2007, Tume ya Kriegler iliyochunguza uendeshaji wake ililalamikia, pamoja na mambo mengine, tofauti kubwa za ukubwa wa maeneobunge. Kukaundwa tume ya muda ya kupitia mipaka chini ya uenyekiti wa Andrew Ligale, iliyotoa mapendekezo yake ya maeneobunge mapya 80 mwishoni mwa 2010 katikati ya mabishano makali. Kazi ilimalizwa na Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, yaani IEBC, iliyochapisha mipaka ya mwisho Machi 2012. Kesi zaidi ya mia moja zilipelekwa Mahakama Kuu kuipinga, nayo ikatoa uamuzi Julai mwaka huo, ikirekebisha baadhi ya mambo na kuyaacha mengine. Uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013 ukafanyika juu ya ramani hiyo.

Matokeo yake kwa Embakasi yanaeleza kitu ambacho kura ya pamoja ilikuwa ikikificha. Kaskazini, Kati na Magharibi zilikwenda TNA, chama cha Uhuru Kenyatta, kwa James Gakuya, John Ndirangu na George Theuri. Kusini na Mashariki zilikwenda ODM, kwa Irshad Sumra na John Ogutu. Katika eneobunge moja, upande mmoja ungeshinda na mwingine ungekaa miaka mitano bila mtu wa kuusemea. Sasa Mukuru ilikuwa na mbunge wa Mukuru na Kayole ikawa na mbunge wa Kayole. Kuna jambo dogo linalonifurahisha katika orodha za baadaye: mwaka 2022 Embakasi Magharibi ilimchagua Mark Mwenje, mwana wa David Mwenje, kuwakilisha sehemu ya eneo ambalo baba yake aliliwakilisha likiwa zima.

Mchangiaji kutoka Dandora

Hilo la vipande nimeliona kwa macho yangu. Tulipoanza kuwa na ofisi ya hazina ya kwetu, nilikwenda kuulizia karo ya mpwa wangu na nikarudi siku hiyo hiyo, kwa miguu. Zamani ningepoteza siku nzima na pengine nisimwone mtu. Sisemi kwamba matatizo yamekwisha, kwani jaa bado lipo pale pale. Ila sasa tunajua ni mlango wa nani tugonge.

Linaloniuma ni jina. Eneobunge letu lina wadi tano, nne ni za Dandora na moja ni Kariobangi Kaskazini. Ukimwambia mtu unatoka Embakasi Kaskazini, anafikiri unakaa karibu na uwanja wa ndege. Kibra walipata jina lao. Mathare walipata lao. Kwa nini sisi tuliachiwa mwelekeo wa dira?

Mchangiaji kutoka Lamu

Nimeifanya ile hesabu kwa kalamu kama ulivyoomba, ndugu mwanzisha uzi, nami naikubali: tano haikuwa upendeleo. Nimefurahi pia kwamba hukutaka kutufuta. Swali langu ni moja. Maeneobunge yamefungwa kwenye 290. Nairobi ikizidi kukua, na yale 27 yakiwa yamehifadhiwa kwa ukaguzi wa kwanza tu, nyongeza yenu itatoka wapi kama si kwetu?

Mwanzisha uzi

Hilo ndilo swali gumu, na ni haki liulizwe na mtu wa kwenu.

Sensa ya 2019 iliwahesabu Wakenya 47,564,296. Kwa maeneobunge 290, wastani mpya ni 164,015, na ukomo wa juu kwa miji ni 229,621. Nairobi ilikuwa na watu 4,397,073, yaani wastani wa 258,651 kwa kila kimoja cha viti vyake 17. Tayari iko juu ya ukomo. Idadi ndogo kabisa inayoweza kuirudisha ndani ya Katiba ni maeneobunge 20. Katiba iliagiza ukaguzi ufanywe katika kipindi kisichopungua miaka minane wala kuzidi miaka 12, na miaka 12 tangu ukaguzi wa mwisho ilitimia Machi 2024, wakati tume haikuwa na makamishna tangu Januari 2023. Makamishna wapya waliapishwa Julai 2025, muda ukiwa umeshapita.

Kwa maoni yangu, vile viti vitatu visitafutwe visiwani wala jangwani. Kama nchi inaamini kwamba umbali wa Kiunga unastahili mbunge, na mimi naamini hivyo, basi ni afadhali kuigusa namba 290 yenyewe kwa marekebisho ya Katiba kuliko kuwapambanisha mtu wa Pipeline na mtu wa Kizingitini, ambao hakuna kati yao aliyemnyang'anya mwenzake chochote.

Na kwako ndugu wa Dandora: Kifungu cha 89(2) kinaitaka tume ipitie majina ya maeneobunge pamoja na mipaka yake, kwa hiyo ombi lako lina mahali pa kupelekwa. Liandike kwa ufupi, likusanyie sahihi za wakazi wa wadi zote tano, Kariobangi wakiwemo, kwa sababu jina linawahusu na wao. Nitakusaidia kuandaa takwimu za kuambatanisha. Nitumie ujumbe hapa ukishapata watu wa kwanza kumi.